Vifaranga wanaohara damu: tusitie vitamini ndani ya dawa

Juma hili tunaanza kwa kulipa deni. Mwaka jana, wakati wa mvua kama sasa, tuliandika kwenye ukurasa huu kwamba vifaranga wakianza kuhara damu, mama atie dawa ndani ya maji, na ndani ya maji hayohayo atie vitamini ili wapate nguvu haraka. Tuliandika kwa moyo mzuri. Lakini lilikuwa kosa, na kosa hilo limemgharimu mama mmoja wa kundi letu vifaranga kumi na tano.

Mama huyu alikuwa na vifaranga ishirini na sita. Alikuwa amewahesabu tangu walipototolewa, na alikwisha kuwagawa kichwani mwake: hawa wa kuuza wakati wa sikukuu, hawa wa kubaki watage, na hawa wengi wa kumlipia binti yake kalasi ya sita ya sekondari pamoja na makuta ya mtihani wa Serikali. Shule ya msingi imekuwa bure tangu mwaka 2019, tunashukuru. Lakini ukiwa na mtoto katika sekondari unajua mwenyewe. Binti huyo tunamfundisha sisi. Basi vifaranga wale hatukuwaona kama kuku wa jirani tu.

Walipofika juma la nne, mvua ikinyesha kila alasiri, akaona mmoja amejikunja pembeni, mabawa yameshuka, macho yamefungwa kama mzee anayesikia baridi. Kesho yake akaona mavi mekundu. Akakumbuka gazeti letu. Akanunua pakiti ya dawa na pakiti ya vitamini, akazitia zote mbili ndani ya beseni moja, sawasawa na tulivyoandika. Siku ya tatu walikuwa wamekufa sita. Siku ya tano walikuwa wamefika kumi na mmoja. Alikuja shuleni na pakiti zote mbili ndani ya kikwembe, akasema, "Mwalimu, nilifanya kila neno mlilosema. Nimekosa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tukaenda pamoja naye kwa veterineri, mzee mmoja mwenye subira. Akazigeuza pakiti, akavaa miwani, akasoma maandishi madogo, kisha akauliza swali moja tu: "Mama, na hii ya pili mlitia katika maji gani?" Tulipomjibu, akavua miwani. Hakutugombeza. Akatueleza, na hayo aliyotueleza ndiyo tunayotaka kuwapa leo, pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye, kwa sababu mwalimu akiaibika huenda kusoma.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kwa Kifaransa unaitwa koksidiozi. Si pepo, si jicho la jirani, wala si chakula kilichooza. Ni mdudu mdogo sana ambaye jicho halimwoni, anaingia kwa mdomo na kuzaa ndani ya ngozi ya utumbo. Akizaa anapasua, na pale anapopasua damu inatoka. Kwa kuku kuna aina saba za mdudu huyu, na yule anayeleta damu nyingi hukaa katika ile mikia miwili ya utumbo. Kila mama aliyewahi kusafisha kuku anaijua: matumbo mawili mafupi yaliyozibwa mwishoni. Kama kifaranga amekufa na huna hakika, mfungue kwa wembe na utazame hapo. Ikiwa mikia hiyo imevimba na kujaa damu, au imejaa kitu kigumu cheusi kama damu iliyoganda, basi umepata jibu. Kiisha mzike au mchome, nawa mikono kwa sabuni, na asiende kwenye sufuria. Watoto wasiogope: mdudu wa kuku hamwingii mtu, na hata bata hapati huyu wa kuku. Lakini mzoga ni mzoga.

Tusichanganye ugonjwa huu na ule wa Newcastle, unaofagia kijiji kizima. Newcastle unaua wakubwa na wadogo pamoja, shingo inapinda, mavi ni ya kijani, na hakuna dawa ya kuuponya, ni chanjo tu inayozuia. Koksidiozi inatafuta wadogo, zaidi wale wa juma la tatu hadi la sita. Kuku mkubwa mara nyingi ana mdudu huyu ndani yake na haumwi, kwa sababu mwili wake umekwisha kumzoea. Anatembea, anakula, anataga, na kila siku anaangusha mayai ya mdudu ndani ya mavi yake mbele ya vifaranga. Ndiyo maana mama anasema, "Kuku wangu wote wazima, ugonjwa umetoka wapi?" Umetoka kwa hao wazima.

Sasa dawa. Hapa kwetu Kamina tunapata hasa za namna tatu, zikija kwa treni au kwa lori kutoka Lubumbashi na kwingine. Tazama kibandiko na utafute jina la dawa yenyewe, siyo picha ya jogoo mnono. Ya kwanza ni amproliumu, kwenye pakiti imeandikwa amprolium. Ya pili ni zile za jamii ya sulfa, majina yake huanza na sulfa. Ya tatu ni toltrazurili, nayo ni ya maji, ni ya bei, na hutolewa kwa siku mbili tu. Tetrasaiklini, zile vidonge vya rangi mbili wanavyouza watoto kwenye sinia sokoni, haimuui mdudu huyu. Kumfungulia kifaranga kidonge cha binadamu ni kupoteza falanga zako na pia kuharibu dawa ambayo kesho mtoto wako mwenyewe ataihitaji.

Pakiti ya yule mama ilikuwa amproliumu. Na hapa ndipo kosa letu lilipolala.

Mdudu huyu akitaka kuzaa anahitaji vitamini moja inayoitwa B1. Bila hiyo hawezi kuongezeka. Watu waliotengeneza amproliumu waliipa umbo linalofanana sana na B1. Mdudu anaipokea akidhani ni chakula chake, inaziba mlango wa kupitia B1, naye anabaki na njaa na kuacha kuzaa. Kuku naye anahitaji B1, lakini mlango wa mdudu ni rahisi zaidi kuzibwa kuliko wa kuku, kwa hiyo kwa kipimo sawa mdudu anaumia na kuku anavumilia. Hiyo ndiyo kazi yote ya dawa hii. Sasa fikiri mama anatia ndani ya beseni lilelile unga wa vitamini uliojaa B1. B1 ya kweli ikiwa nyingi inaishinda ile ya uongo mlangoni, mdudu anashiba, anazaa. Tulikuwa tunalisha ugonjwa kwa mkono wetu, tena kwa vitamini iliyonunuliwa kwa makuta ya mtihani.

Tuliposoma habari za B1 tukakuta jambo lililotufanya tucheke kidogo katika huzuni yetu: vitamini hii watu waliijua kwa njia ya kuku. Karibu na mwaka 1890, katika kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, daktari Mholanzi aliyeitwa Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta chanzo cha ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukiwaua askari na wafungwa. Akaona kuku wa hospitali wameanza kulegea miguu na kuanguka kama wagonjwa wake. Kisha ghafula wakapona wenyewe. Akachunguza, akajua kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya ambaye hakukubali kuku wa kiraia wale mchele wa askari. Wakarudishiwa mchele wenye maganda, wakasimama. B1 ilikuwa katika yale maganda. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mpishi hakupewa kitu, na wamama mnaopika kila siku mtakuwa na maoni yenu juu ya hilo.

Habari hii haikuja hapa kwa mapambo. Dawa ya amproliumu ikizidi kipimo, au ikitolewa siku nyingi mno, kuku wako atakuwa kama kuku wa Eijkman: miguu inalegea, kichwa kinarudi nyuma kama anayetazama mawingu. Ukiona hivyo, acha dawa, mpe vitamini B. Kwa hiyo vitamini siyo adui. Ina zamu yake tu.

Zamu yenyewe ni hii. Siku za dawa ya amproliumu, maji ni ya dawa peke yake. Unga wa vitamini za B ukae kabatini. Soma vizuri hata pakiti ambayo haikuandikwa vitamini kwa herufi kubwa, kwa maana nyingine wanachanganya antibiotiki na vitamini, na nyingine zinaitwa tu "ya kuongeza nguvu". Chakula chao cha kila siku, pumba ya mahindi na vingine, usikiondoe. B1 iliyo ndani ya chakula cha kawaida ni kidogo na haishindi dawa. Majani pia wape: lengalenga, matembele, yakatwe madogo sana. Majani ya kijani yana vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na yana kile ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A, inayosaidia utumbo kujenga ngozi mpya. Tone la mafuta mekundu ya ngazi ndani ya pumba ni zuri kwa sababu hiyohiyo ya A. Haya yote hayaigusi kazi ya amproliumu.

Dawa ikiisha, osha chombo, wape maji matupu siku moja, kiisha toa vitamini za pakiti, zote na B ndani yake, siku tatu hadi tano. Wakati huo ndipo zinafanya kazi, kwa sababu utumbo uliopasuka ulikuwa hauwezi kunyonya chakula vizuri na kifaranga amebaki mifupa.

Wanaotumia sulfa, mambo ni mengine kidogo. Sulfa haigombani na B1. Lakini sulfa yenyewe ikikaa sana inaweza kufanya damu itoke zaidi, na inachosha figo, kwa hiyo vitamini K ni rafiki yake, na watu wengi huitoa siku tatu, wanapumzisha siku mbili, wanaitoa tena siku tatu. Usiongeze siku kwa hofu. Na kuku anayetaga asipewe sulfa wala toltrazurili kama mayai yake mnayala au mnayauza, kwa sababu dawa inaingia ndani ya yai. Hata vifaranga ambao umewatibu kwa dawa hizi, soma kwenye kibandiko ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuwachinja. Tunajua kuna wanaouza haraka kuku mgonjwa kabla hajafa. Hatutawataja.

Sasa kipimo, na hapa tuvumilieni kwa sababu ni somo letu. Veterineri wetu alisema kwamba vifo vingi anavyoviona vinatoka katika kijiko. Mama mmoja anatia kijiko cha chai, mwingine cha bukari, na wote wanasema "kijiko kimoja". Kibandiko cha pakiti yako ndicho kinachoamuru, kwa sababu nguvu ya dawa inatofautiana. Lakini kwa unga wa amproliumu wa 20%, ambao ni wa kawaida sana, kipimo ni kama hivi: gramu 0.6 kwa lita moja ya maji kwa ugonjwa wa kawaida, gramu 1.2 kwa lita moja ikiwa damu ni nyingi na wanakufa, na gramu 0.3 kwa lita moja kwa siku za kumalizia. Angalieni vizuri hesabu hizo. Ya kati ni mara mbili ya ya kwanza, ya mwisho ni nusu yake. Basi hatuhitaji vipimo vitatu. Tunahitaji kikaratasi kimoja cha gramu 1.2, na tunabadilisha maji: lita moja ni dawa kali, lita mbili ni dawa ya kawaida, lita nne ni dawa ya kumalizia.

Nani atapima gramu 1.2 nyumbani? Hakuna. Lakini muuza dawa mwenye mizani anaweza kukupimia gramu 12. Ukifika nyumbani, tandika karatasi laini mezani, watoto wasipulize, upepo usiingie. Mwaga unga ule uwe mstari mmoja mwembamba, mnene sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, wenye urefu wa sentimita 20 juu ya rula ya mwanafunzi. Kwa kisu, kata kila sentimita 2. Umepata mafungu kumi ya gramu 1.2. Funga kila fungu ndani ya kikaratasi chake kama tunavyofunga chumvi, andika juu yake dawa ya kuku, na uweke mahali ambapo mtoto hafiki. Tulijaribu hili na wanafunzi wa kalasi ya tano kwa kutumia unga wa mahindi, na walifurahi kuliko siku zote tulizowafundisha sehemu za kumi ubaoni.

Vifaranga ishirini wa juma la nne hawamalizi lita mbili kwa siku. Kwa hiyo usijaze bidoni ya lita 20 kwa dawa ya gharama, uje kuimwaga. Tengeneza ya siku moja asubuhi, iliyobaki jioni imwage, kesho tengeneza nyingine. Chombo kiwe cha plastiki au cha udongo, kikae kivulini. Dawa kali au ya kawaida inakwenda siku tatu hadi tano, pakiti nyingine zinasema hadi saba. Kiisha ile hafifu kwa juma moja au mawili. Na muda wote huo wa hafifu pia, vitamini B bado inangoja.

Kuna jambo ambalo linaharibu hata kipimo kizuri: maji mengine. Wakati wa mvua uwanja wote una madimbwi, na kifaranga anapenda dimbwi kuliko beseni lako lenye ladha ya dawa. Wafungie ndani siku hizo za kwanza. Na usimtibu mmoja uliyemwona na damu, ukawaacha wengine. Tangu kumeza mayai ya mdudu mpaka kutoa damu zinapita siku nne hadi sita, maana yake siku unayoona damu ya kwanza wale wengine nao wamekwisha kumeza. Dawa ni ya kundi lote. Aliye dhaifu sana mtenge, na umnyweshe kwa kijiko, taratibu, kwa sababu mgonjwa anaacha kula kabla ya kuacha kunywa, na akifika siku ya kutokunywa pia, dawa ndani ya beseni haimsaidii.

Yule mama alipotuuliza kama basi dawa peke yake ingeponya wote kumi na tano, veterineri alisema hapana, si wote. Alitaka kuona kibanda. Tukaenda. Kibanda kilikuwa kizuri, cha matofali, mlango wa bati. Lakini chini, kuzunguka beseni la maji, majani yalikuwa yamelowa na kuwa tope. Akachukua kijiti akachokonoa pale, akasema, "Kiwanda ni hiki."

Alitufundisha jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Yai la mdudu likianguka leo ndani ya mavi, leo bado halidhuru. Linahitaji joto, unyevu na hewa, na kwa siku moja au mbili linakomaa. Ndipo likimezwa linaleta ugonjwa. Basi mwenye kufagia kila siku anayatoa mayai nje kabla hayajakomaa, na mwenye kufagia siku ya Mungu tu anawangojea wakomae. Na pasipo unyevu hayakomai kabisa. Ndiyo maana wakati wa kiangazi tunasahau ugonjwa huu, na kuanzia mwezi wa kumi mvua zikirudi tunaanza kulia.

Baada ya siku ile mama aliinua chombo cha maji juu ya matofali mawili, kiwe sawa na mgongo wa kifaranga, ili wanywe bila kuingiza miguu na kumwaga. Chini akaweka maranda ya seremala yaliyokauka. Yakilowa mahali, anaondoa pale tu na kuweka mengine. Pumba hamwagi tena chini, ana ubao wenye kingo. Vifaranga amewatenga na kuku wakubwa, isipokuwa mama yao. Maji ya javel aliyokuwa akimwagia kibanda tulimwambia ayaweke kwa ajili ya nguo, kwa sababu yai la mdudu huyu lina ganda gumu na javel hailiui. Linauawa na maji yanayochemka na kwa kukaushwa kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuweka vifaranga wapya anatoa kila kitu, anafagia hadi udongo, anamwaga sufuria mbili za maji yanayochemka, kiisha anaacha mlango wazi jua liingie siku kadhaa. Makala ni ghali, tunajua. Vifaranga kumi na tano ni ghali zaidi.

Mama mmoja alituuliza katika mkutano: kwa nini basi tusiwape dawa kidogo kila siku tangu wanatotolewa, ugonjwa usije kabisa? Swali zuri. Kifaranga anayekutana na mdudu kidogo kidogo mahali pakavu mwili wake unajifunza kujilinda, na kinga hiyo inakaa. Ukimpa dawa siku zote hajifunzi, siku ukiacha anaanguka. Na wadudu nao wanazoea dawa, kisha siku ya ugonjwa wa kweli pakiti yako ni unga tu.

Waliobaki ni kumi na mmoja. Walipewa dawa peke yake siku tano, kiisha ile hafifu, kiisha vitamini, na hakufa tena hata mmoja. Juu ya binti, kundi letu lilikubali mama yake apokee zamu yake ya likelemba mapema, kabla ya wawili waliokuwa mbele yake, nao walikubali wenyewe bila kuombwa mara mbili. Ameandikishwa kwa mtihani. Sisi tuliotoa shauri baya tumeweka jogoo wetu mmoja juu ya hayo. Alikuwa mkorofi, lakini alikuwa na uzito mzuri.

Walio bado na gazeti la mwaka jana lenye lile shauri, tunawaomba walichane au walifungie karanga. Na kwa wenye vifaranga sasa: siku ya Jumamosi, baada ya saa tisa, tutakuwa katika kalasi yetu ya mwisho karibu na bomba la maji. Veterineri amekubali kuja na mizani yake. Njoo na pakiti yako ya dawa na ile ya vitamini, zote mbili, tuzisome pamoja. Leteni karatasi laini na kisu. Rula tunazo.